Fundo la Watu wa Nyumbu

Alhamisi ile Fulgencio alitoka nyumbani akiwa hasemi na dada yake, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa kizibao. Kizibao cha njano, kipya, chenye jina la halmashauri mgongoni kwa herufi kubwa kama za bango la uchaguzi. Angustias alikuwa amemwekea kitini tangu jana yake, kimekunjwa vizuri kama nguo ya misa.

"Kivae," alisema huku akimimina kahawa. "Wenzako wote watavaa."

"Sivai."

"Kitakuchoma?"

"Mimi si ng'ombe wa mtu nipigwe chapa. Kura wameshapata, sasa wanataka na mgongo?"

"Kura yako hawakuipata, kijiji kizima kinajua. Kivae, Fulgencio. Ukungu ukishuka huko juu, mtu anaonekana."

"Huko juu nilipanda nikiwa tumboni mwa mama, na mama hakuvaa kizibao."

Angustias akakiweka kikombe mezani kwa kishindo, kahawa ikamwagika. "Basi leo utembee peke yako. Nimechoka kuona haya kwa ajili yako. Mimi nitakuwa mbele na wanawake wenzangu, wewe kaa huko nyuma na kisirani chako."

"Afadhali. Masikio yangu yatapumzika."

Maneno hayo ya mwisho Angustias hakuyasikia, au alijifanya hakuyasikia. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa siku nyingi. Alikuwa dada mkubwa, mjane kama yeye, na alihamia kwa mdogo wake baada ya Loles, mke wa Fulgencio, kufariki. Loles alikufa msimu wa kuvuna zeituni, siku ambayo daktari hakuwa na zamu kijijini, kwa maana wakubwa walikuwa wameamua kwamba mtu wa Benalhoz, kijiji chao hicho kidogo cha Kihispania, anaruhusiwa kuugua Jumatatu na Jumatano tu. Tangu hapo kila kilichotoka ofisi ya halmashauri, kiwe barua, kiwe bomba, kiwe kizibao, Fulgencio alikiona kina damu.

Na ni daktari yuleyule aliyemwandikia matembezi ya kila wiki, kwa ajili ya sukari. "Nimezaliwa natembea," Fulgencio aliwaambia wenzake baa, "leo nazeeka natembezwa."

*

Uwanjani mbele ya kanisa watu walikuwa wameshakusanyika, wengi wazee, wanawake wakiwazidi wanaume. Diwani wa michezo, Evaristo, aliwapiga picha, akawataka wacheke, akawapiga tena, kisha akaingia kwenye gari lake. Kupanda mlima haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa picha.

Noelia, msichana kiongozi wa matembezi, alikuwa anagawa fimbo kutoka kwenye sanduku la mbao. Zote zilikuwa za alumini, rangi ya samawati, sawa kama mayai ya kuku mmoja, kila moja na kigwe chake cha kuvaa mkononi. Alipomaliza akapanda ngazi ya kanisa na kuanza kusoma kanuni zake, kama alivyofanya kila Alhamisi. Na kama alivyofanya kila Alhamisi, Fulgencio akaenda ukutani, akawapa mgongo, akasokota sigara. Fimbo yao hakuchukua. Alikuwa na yake, ya mti wa mwaloni.

Sauti ya msichana ilimfikia vipandevipande. Maji. Mawe yanayoteleza. Fimbo. Mtu wa mwisho. Akayaacha yapite. Msichana aliyezaliwa mjini, kandarasi yake ya miezi michache, aje amfundishe mtoto wa Baltasar mwenye nyumbu wa mizigo namna ya kupanda mlima!

"Mzee Fulgencio, umesikia?" Noelia aliuliza kutoka ngazini.

"Nimesikia tangu kabla mama yako hajazaliwa."

Watu wakacheka. Angustias hakucheka. Alikaza mkanda wa kizibao chake na kuondoka na wa mbele.

Nyuma kabisa alikuwa Wim, Mholanzi mstaafu aliyenunua nyumba karibu na kinu, mtu mrefu mwenye kofia pana na filimbi shingoni. Walimwita Fagio, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwazoa wanaosalia. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kiongozi wa pili, mwenye mshahara. Mwaka huu halmashauri ilisema fedha hakuna, ingawa kwa roshani ya vioo pale kwenye jabali la tai, ya wageni kupigia picha, fedha zilikuwapo. Basi Wim akajitolea, bure, na diwani akampa filimbi.

*

Milozi ilikuwa imechanua. Njia ilipanda kati ya kuta za mawe za mashamba yaliyoachwa, ikauvuka mfereji, ikapanda tena. Fulgencio alisikia vicheko vya wanawake mbele yake vikififia, na kimya cha yule Fagio nyuma yake, maana Wim alikuwa na tabia ya kusimama kila penye ua. Alitembea katikati, peke yake, na alifurahi.

Ni pale kwenye uwanja wa kupuria ngano, ule wa mawe uliojengwa na babu wa babu zao, ndipo alipoiona. Fimbo ya samawati, imechomekwa wima kati ya mawe mawili kando ya njia, kigwe kikipepea. Mtu hakuna. Alitazama mbele, alitazama nyuma. Vichaka, upepo, kunguru mmoja.

"Hata fimbo hawajui kutunza," alisema kwa sauti, akaing'oa.

Baba yake alimfundisha sheria ya njia ya nyumbu akiwa mdogo. Kilichoanguka njiani hakiachwi, wala hakiliwi. Unakibeba mpaka kwenye maji yanayofuata, unakifunga hapo kwenye pete ya chuma wanapofungiwa wanyama, kwa maana mwenyewe akirudi kukitafuta, atapita majini tu. Na unakifunga kwa fundo la nyumbani, ambalo upepo hauliwezi na mwizi hana subira nalo. Kwa sheria hiyo blanketi zilirudi, viatu vilirudi, hata paja zima la nguruwe lililokaushwa liliwahi kurudi wakati wa njaa.

Kwa hiyo Fulgencio akaibeba fimbo ya halmashauri kwa moyo safi kabisa. Alipofika chemchemini, kundi lilikuwa limeshatapakaa mawe yote, watu wanakula mikate na machungwa. Akapitisha kigwe kwenye pete, akakunja, akapindua, akavuta, na hakuna aliyeinua macho kwenye mkate wake. Kisha akaenda kukaa upande wa pili wa mwamba, akatoa mkate wake na kisu.

Kutoka hapo alimwona Noelia akiikuta.

"Jamani, fimbo hii ya nani?" Noelia aliuliza. Watu walikuwa wanatafuna. Kila mmoja akapapasa yake, akaendelea kutafuna. Noelia akajaribu kulifungua lile fundo. Akajaribu kwa kucha. Akajaribu kwa meno. Fulgencio alitafuna polepole huku akicheka moyoni. Miaka yote ya shule, cheti ukutani, na ameshindwa na kamba! Angeweza kusema, Mwanangu, vuta ncha ya kushoto. Hakusema. Hakuwa na neno kwa watu wa halmashauri.

Hapo ndipo ukungu ulipoanza kumwagika kutoka kileleni, mzito kama maziwa. Noelia akatazama juu, uso ukambadilika. Akachomoa kisu, akakikata kigwe karibu na pete, akaitia ile fimbo kwapani, fundo likining'inia.

"Tunashuka! Wote! Msiachane, fuateni ukuta!"

Na wakashuka, kila mmoja akitazama miguu yake.

*

Nyumbani jiko lilikuwa baridi. Dengu zilikuwa bado kwenye maji, kama Angustias alivyoziacha asubuhi, na sufuria imefunikwa na sahani. Fulgencio akavua viatu. Akawasha moto mwenyewe, akabandika sufuria, akamenya kitunguu, akakata mkate.

"Amenuna," aliuambia ukuta. "Yuko kwa jirani ananisema."

Akangoja. Kizibao chake cha njano kilikuwa bado kitini, na jina la halmashauri lilimtazama. Akakigeuza. Maji ya dengu yakachemka, yakafurika, yakazima nusu ya moto, na hakuna aliyemkaripia. Ni hilo lililomwinua. Katika nyumba ile maji hayajawahi kufurika bila Angustias kupiga kelele, hata akiwa chumba cha mwisho na sikio lake moja.

Aligonga kwa jirani. Angustias hakuwapo huko. Akaenda mpaka uwanjani na viatu vyake havijafungwa.

Noelia alikuwa anafunga sanduku la fimbo. Wim alikuwa amekaa kwenye ngazi anakunywa chai ya chupa.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Hajafika nyumbani?" Noelia alitabasamu. "Basi yuko dukani, mzee. Wote wamerudi."

"Umewahesabu?"

"Nimehesabu fimbo hapa sandukuni. Kila mtu ameweka yake alipopita, na zimetimia. Hakuna..."

"Dada yangu si fimbo!"

Tabasamu likabaki mdomoni mwa msichana kwa muda, halina mwenyewe. Kisha akalifungua sanduku, akazipekua fimbo mpaka akaifikia ile aliyoitafuta. Akaitoa. Kigwe kimekatwa, fundo linaning'inia.

"Hii niliiweka mimi," alisema. "Hii niliikuta chemchemini. Imefungwa kwenye pete. Nilidhani mtu... Mungu wangu. Nilidhani mtu kaisahau."

Wim alisimama. Chai ikamwagika kwenye ngazi na yeye asijue.

"Mimi sikukuta fimbo," alisema kwa Kihispania chake cha kuvunjikavunjika. "Mimi nyuma, mimi natazama. Kama fimbo imesimama njiani, mimi nasimama. Fimbo hakuna, mimi naenda."

"Fimbo isimame njiani kwa nini?" Fulgencio aliuliza.

Wote wawili walimtazama.

"Kanuni, mzee," Noelia alisema. "Mtu akitaka kwenda kichakani kujisaidia, anachomeka fimbo yake kando ya njia. Fagio akiikuta anajua kuna mtu huko ndani, anamsubiri mpaka atoke. Ndiyo kazi ya fimbo. Naisema kila Alhamisi."

Kengele ya kanisa ilikuwa inapiga, lakini Fulgencio hakuisikia. Alichosikia ni kigwe kikipepea kati ya mawe mawili. Alichosikia ni sauti yake mwenyewe: hata fimbo hawajui kutunza. Akashika ukuta, ukuta uleule alikosimama kila wiki akisokota sigara.

*

Habari ya namna hiyo haihitaji redio. Mara uwanja ukajaa. Wanawake waliokuwa mbele wakaapa kwamba Angustias aliwaambia tangulieni, nakuja, na chemchemini kila mmoja alidhani amekaa na mwingine, au amepatana na mdogo wake. Simu yake ililia, na ililia nyumbani, juu ya kabati. Askari wa uokoaji wakaitwa kutoka mji wa bondeni. Wakasema helikopta haiwezi kuruka kwenye ukungu. Watakuja kwa gari, wapande kwa miguu. Februari, na jua limeinama.

Evaristo alifika akifunga zipu ya koti lake la halmashauri. Aliichukua ile fimbo, akalitazama fundo, akajaribu kulifungua kana kwamba jibu limefungwa ndani yake. Likamshinda. Akampa Wim, Wim akaleta koleo. Likamshinda na Wim.

"Ilikuwa chemchemini," Evaristo alisema. "Basi amepotelea chemchemini. Kwenye korongo, pale chini. Waanzie hapo."

"Siyo hapo," alisema Fulgencio.

Watu wakageuka.

"Watafute kwenye uwanja wa kupuria. Ule wa mawe."

"Huko ni mbali sana nyuma, mzee. Kwa nini huko?"

Neno lilikuwa limefika kooni. Lilikuwa neno fupi. Lakini mbele yake alisimama Evaristo, na mgongoni mwa Evaristo kijiji kizima, watu wale wale aliowaambia miaka yote kwamba Loles aliuawa na uzembe wa wakubwa, na kwamba yeye, Fulgencio, asingemwacha hata mbuzi njiani. Ulimi ukamgeuka.

"Namjua dada yangu," alisema. "Tumbo lake... huwa anapenda kusimama pale."

Mtu mmoja alicheka, kicheko kidogo cha woga.

"Mzee Fulgencio," Evaristo alisema, kwa sauti ile wanayotumia na watoto na wapiga kura, "juzi ulisema roshani ya vioo itaanguka. Mwaka jana ulisema maji ya bomba yana sumu. Kila siku unajua kuliko wote. Leo tuachie wenye kazi, tafadhali. Nenda ukakae, watu wakuletee kahawa."

Ukilalamika kila siku, siku ya kweli hakuna anayekuhesabu. Hilo nalo halikuwa kosa la diwani peke yake, ingawa Fulgencio alimchukia vilevile.

Kisha Evaristo akamgeukia Noelia. "Na wewe. Unahesabu fimbo badala ya watu? Fimbo ya mama wa watu unaikata, unaitia sandukuni? Vua hicho."

"Nini?"

"Kizibao. Kina jina letu. Halmashauri haiwezi kubeba hili. Kuanzia sasa huna kazi hapa, na watu washuhudie."

"Niliomba mtu wa pili," Noelia alisema. "Nimeomba tangu vuli, Evaristo. Uliniambia nimshukuru Mholanzi."

"Vua."

Akavua mbele ya watu wote, zipu ikamkwama, hakuna aliyemsaidia. Chini yake alikuwa na sweta kuukuu lililotoboka kiwiko. Kwa miaka yote Fulgencio alikuwa ameomba kwa watakatifu aone siku mtu wa halmashauri anavuliwa nguo hadharani. Na siku imefika, na aliyevuliwa alikuwa mtoto huyu mwenye sweta bovu, na aliyemvua alikuwa amevaa koti zuri. Alihisi kama mtu aliyeletewa sahani aliyoiagiza, akaifunua, akakuta ndani mna kitu kilicho hai.

Evaristo na wanaume wakaondoka kuelekea njia ya korongo, kuwapokea askari. Noelia alibaki amesimama na ile fimbo mkononi.

"Mzee," alisema taratibu. "Kwenye uwanja wa kupuria. Una hakika?"

"Nina hakika."

"Umejuaje?"

Fulgencio akatazama mawe ya uwanja. "Mholanzi ana gari," alisema. "Twende. Twende, mwanangu, jua linazama."

Hakuwahi kumwita mwanangu. Noelia akaitia ile fimbo kwapani, akamfuata.

*

Gari la Wim liliwafikisha mpaka pale barabara ya msitu inapokutana na mfereji. Kutoka hapo ni miguu. Fulgencio alitangulia, na licha ya umri wake walimfuata kwa shida. Ukungu uliwaingia mdomoni. Wim alipuliza filimbi, wakangoja, akapuliza tena. Hakuna kitu.

"Puliza kila upande," Fulgencio alipumua. "Kila upande, hatujui amegeukia wapi. Kushoto hasikii."

Kwenye uwanja wa mawe hapakuwa na mtu. Fulgencio alikwenda moja kwa moja kwenye yale mawe mawili, na hata gizani mguu wake uliyajua. Kitundu cha fimbo kilikuwa bado kwenye udongo, duara, kidogo kama sarafu. Akapiga magoti, akatia kidole ndani. Kwa nini alifanya hivyo, hakujua.

"Angustias! Dada!"

"Pale!" Noelia alipiga kelele. "Njano! Chini, pale, njano!"

Chini ya ukuta wa shamba, kwenye miiba, kitu cha njano kiling'aa ndani ya ukungu. Kilikuwa kizibao cha halmashauri, na ndani yake alikuwa Angustias, amekaa ameegemea jiwe, mguu mmoja umeelekea kusikoelekea miguu ya watu. Midomo ilikuwa ya samawati. Lakini macho yalikuwa wazi, na yalimwona mdogo wake.

"Dengu," alisema kwa meno yanayogongana. "Najua umeziacha zikafurika."

Fulgencio alianguka juu yake kama mtoto. Noelia tayari alikuwa amevua lile sweta, amemfunika, anamkanda mikono. Wim alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na safari hii kutoka upande wa korongo, mbali, filimbi nyingine ikajibu.

"Nilitoka kichakani," Angustias alieleza, neno na pumzi, neno na pumzi, "nikakuta fimbo hakuna. Nikasema, Mholanzi ameshapita nayo, wameniacha. Nikakimbia. Bila fimbo. Ukungu. Nikakanyaga hewa. Nilipozinduka, mmeshashuka."

"Usiseme, dada. Nyamaza, upumzike."

"Nimenyamaza tangu mchana. Nimenyamaza ya kutosha."

*

Askari walifika na machela, na Evaristo nyuma yao, anahema, matope mpaka magotini, na nyuma yake wanaume wa kijiji na taa zao. Daktari wa askari akaufunga mguu, akampima, akasema ataishi, ila wangechelewa kidogo tu angekuwa anasema jambo jingine. Watu wakapiga ishara ya msalaba. Evaristo akavua kofia.

"Mama Angustias," alisema kwa sauti ya watu wote kusikia, "halmashauri inakuomba radhi. Aliyehusika tumeshamwachisha kazi. Nakuahidi."

Angustias, amelazwa kwenye machela na blanketi mpaka kidevuni, aligeuza kichwa. "Aliyehusika na nini?"

"Na fimbo yako. Huyu hapa. Aliichukua."

"Niliikuta chemchemini, mama," Noelia alisema. Alikuwa anatetemeka ndani ya shati lake. "Ilikuwa imefungwa kwenye pete. Nilijaribu kufungua, sikuweza, nikakata. Nisamehe. Sikuwahesabu watu. Hilo ni langu. Lakini aliyeifunga simjui."

"Imefungwa?" Angustias alirudia. "Ilete."

Noelia akampa. Angustias alitoa mkono mmoja kwenye blanketi, akaifuata fimbo mpaka kwenye kigwe, na kigwe mpaka kwenye fundo. Kidole gumba kikasimama hapo. Kikapita juu ya fundo mara moja, kikarudi, polepole, kama mtu anayepapasa uso wa mtu gizani. Baba yao Baltasar aliwafunga nyumbu wake kwa fundo hilo maisha yake yote. Hakumfundisha Angustias, wasichana hawakufundishwa. Aliwafundisha wanawe wa kiume wawili, na mmoja alizikwa akiwa bado kijana.

Hakuinua macho. Taa zote zilikuwa juu yake, na Fulgencio aliona machozi yakijaa na kukataa kudondoka.

"Fulgencio," alisema. "Nifungulie."

"Mama, fundo hilo halifunguki," Evaristo aliingilia. "Tumejaribu wote. Hata kwa koleo."

Angustias alinyoosha mkono wenye kigwe kuelekea kwa mdogo wake, na hakuushusha.

Ingekuwa rahisi kusema siwezi. Vidole vimekufa ganzi, angesema, macho hayaoni. Fulgencio alisogea. Hakuhitaji hata taa. Akashika ncha ya kushoto kwa vidole viwili, akavuta mara moja, na lile fundo lililowashinda msomi na diwani na Mholanzi na koleo lake likaachia lenyewe, laini kama maji, kigwe kikanyooka mkononi mwa dada yake.

Wim alikitazama kigwe, akamtazama mzee, kisha akageuza uso kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba ya watu kwa bahati mbaya. Noelia alijifunika mdomo kwa mkono. Evaristo peke yake alikuwa bado anatafuta maana, anatazama huyu na huyu.

Angustias akakizungusha kigwe kilichokatika kwenye kiganja chake.

"Sasa mwambie diwani," alisema. "Mwambie wewe mwenyewe, na huyu mtoto arudishiwe kizibao chake. Na useme kwa nguvu, mdogo wangu. Unajua sikio langu."

Akageuza kichwa kwenye machela, akamwelekezea lile lililo zima.